Farasi wa Sataranji Waliochongwa Kator

Nakumbuka maksai wawili wa mzee mmoja wa Kitale, mmoja mrefu, mwingine mfupi. Nilikuwa mkimbizi wa vita vya Sudan pale, kijana wa kushika kamba mbele wakati wa kulima, mwenyewe akishika plau nyuma. Nira ililalia upande wa yule mfupi, shingo yake ikachubuka, nzi wakafanya makao, nami nikawa sipati usingizi kwa kumfikiria. Sijui kwa nini nakwambia habari za maksai, mwanangu, maana nilitaka kukwambia habari za farasi. Lakini ngoja, njia ni hiyo hiyo. Siku nira ilipovunjika, mzee alinituma mjini kwa fundi, na huko ndiko nilikoona kerezo kwa mara ya kwanza. Mti umebanwa, unazunguka, fundi ameegemeza patasi, maganda yanaruka, na kilichokuwa mraba kinatoka mviringo kama shingo ya mtungi. Nilimrudishia mzee nira iliyotengenezwa, nikamuaga, nikarudi kwa yule fundi.

Kitale nilikereza miguu ya vitanda mpaka nikaota mvi za kwanza. Shule niliiacha darasa la pili, kwa hiyo ukiona maneno yangu yanapinda, yanyooshe mwenyewe.

Mkataba wa amani uliposainiwa, tukaanza kurudi Sudan. Mimi nilifikia Juba, mtaa wa Kator, nyuma ya kanisa kuu, nikafunga kerezo langu chini ya mabati. Watu wakaniita Usta, ndivyo wanavyomwita fundi huku. Usidhani tulikuwa na raha. Amani ile tuliishika kama mtu anavyoshika yai. Kila nyumba ilikuwa na mfuko uliofungwa tayari karibu na mlango. Tairi ikipasuka barabarani, mtaa mzima ulinyamaza kusikiliza kama kutafuata mlio mwingine.

Ndipo akaja Mwalimu Akinyi, Mkenya aliyekuwa akifundisha shule moja ya mtaa wa Buluk. Akamwaga mezani kwangu kete za sataranji.

"Usta, wewe ni mtu wa Kitale, si ndio? Basi nisikie vizuri. Nataka seti kadhaa, zote kama hii. Si karibu kama hii. Hii hii."

Akanieleza. Shule za Juba zilikuwa zishindane mchezo huo kwa mara ya kwanza. Kete alizoagiza Nairobi zilikwama njiani, na mvua zilikwishaanza. Waamuzi wangetoka Kampala, na hao hawana mchezo. Kete za mashindano zina umbo moja dunia nzima, ili mchezaji akikaa popote, jicho lake lisihangaike na mkono wake ujue unashika nini.

"Wakikuta kete zina sura zao wenyewe," akasema, "watafunga mabegi na mashindano watayahamishia kwao. Na watoto wangu hawana karatasi za kuvuka mpaka. Itakuwa basi."

Nikakubali.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nilitafuta babanus, yaani mpingo, kwa kete nyeusi, na mlimau mkavu kwa nyeupe. Nilikata vigezo vya bati kutoka makopo ya maziwa ya unga, kila kete na chake. Unasimamisha kerezo, unapachika kigezo ubavuni mwa kete, unatazama. Mwanga ukipenya katikati, bado. Mwanga ukifungika, tosha. Chini ya kila kitako nilitoboa nikashindilia kipande cha nondo, ili kete ikisukumwa isianguke kama mlevi. Usiku nilikuwa naamka kupapasa kama mlimau umepasuka kwa unyevu. Mke wangu akaniambia ningemwoa mfalme yule wa mti tukajua moja.

Mfalme, malkia, askofu, ngome na askari, wote hao kerezo linawatosha. Askofu unamkata tu ufa wa kofia kwa msumeno mdogo. Farasi peke yake ndiye hakubali kuzunguka. Yule ni wa kisu na mkono, kichwa na shingo juu ya kitako. Nami, mwanangu, farasi nilikuwa sijamchunguza maishani mwangu. Juba hakuna farasi. Kuna punda wa karo, yaani mikokoteni, wanaovuta mapipa ya maji. Basi, ingawa farasi wa Mwalimu alikuwa pale mezani, mkono wangu ukachonga ulichokuwa unakiona kila asubuhi.

Mwalimu Akinyi akamgeuzageuza. "Usta, huyu anaenda vitani au anauza maji?"

Tukacheka, lakini mimi nilicheka kwa meno tu.

Mama Poni ndiye aliyeniletea Wol. Mama Poni alikuwa mama mzee aliyeuza chai mbele ya kibanda changu, mtu wa Juba aliyekaa ukimbizini Koboko, ng'ambo ya mpaka, miaka mingi, akaokota Kiswahili huko. Wol alikuwa Mdinka wa kaskazini, upande wa Aweil, mrefu, mkimya, anachonga fimbo na vigoda. Kiswahili hakujua, tulisema naye Kiarabu chetu cha Juba. Nikamwonyesha kazi. Akatazama farasi wa Mwalimu kidogo sana, akamrudisha mezani, akasema, "Farasi nawajua."

Akachonga wanne wa seti ya kwanza. Mwanangu, nilipowaona nilirudi nyuma. Mmoja masikio yamelala kisogoni. Wa pili mdomo umevutwa na lijamu mpaka meno yako nje. Wa tatu pua zimetanuka. Wa nne jicho moja limefumba, lina kovu juu yake. Ungesema wanahema.

Mwalimu Akinyi akawainua mmoja mmoja. "Ni wazuri mpaka naogopa," akasema. "Lakini hawa ni watu wanne, Usta. Mimi nataka mmoja mara nne. Na seti zote hivyo hivyo. Mwambie."

Nikamwambia Wol awafananishe. Akaitikia. Akachonga wengine, nao kila mmoja akatoka na uso wake. Nikamwambia tena. Akaitikia tena. Mashindano yanakaribia, waamuzi wameshatuma salamu kwamba wako njiani, na mimi mezani nina kundi la farasi wasiofanana hata wawili. Nikaanza kupandisha sauti.

Mama Poni akaacha birika lake, akaingia mpaka ndani.

"Wewe Usta, iko napiga huyu mtu kelele ya nini? Wewe iko nakula naye, iko nakunywa naye. Umeuliza yeye ameona farasi wapi?"

"Mama, nina kazi ya kumaliza."

"Kazi! Mkono iko na mwenyewe, Usta. Juba hii yote farasi iko wapi? Hata moja hakuna. Sasa yeye ameona wapi? Uliza! Ama unaogopa?"

Kweli niliogopa. Niliogopa jibu litaharibu kazi. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi kovu nilikuwa nimeliona, nikapita kando yake kama mtu anayekwepa dimbwi.

Alipotoka nikakaa chini karibu na Wol, nikamuuliza. Hakuacha kuchonga. Akasema walikuja kijijini kwao asubuhi, wapanda farasi kutoka kaskazini, wakati wa vita, ng'ombe bado wamefungwa. Yeye alikimbilia kwenye majani, akalala. Majani yalikuwa marefu.

"Watu sikuwaona," akasema. "Niliona vichwa vya farasi tu, vinapita juu ya majani. Kimoja, kingine, kingine. Waliobaki nyumbani hawakutoka."

Nikatazama meza. Vichwa na shingo, vichwa na shingo. Nikamwambia, "Ndugu yangu, acha. Nitapeleka punda wangu, watakachosema na waseme." Nami nilimaanisha, ingawa nilijua maana yake: watoto wa Mwalimu wangebaki wakisimuliwa mashindano ya wenzao.

Wol akanyoosha mkono. "Nipe yule wa mwalimu."

Nikampa. Safari hii alimtazama muda mrefu, akampima kwa vidole: paji, taya, mkunjo wa shingo. Akaniomba nimkatie kigezo cha bati, kama vile vyangu. Alichonga polepole, akisimama kila mara kumpachika kigezo, na kila uso wa zamani ulipoanza kuchungulia kwenye mti, alikuwa akiukwangua kwa kisu mpaka unaondoka. Mimi nilikaa nikipiga msasa tu.

Waamuzi walikuja, wakapima, wakapindua vitako, wakaweka mezani, wakasema chezeni. Watoto walicheza Juba.

Nasaha yangu niiseme hapa, mwanangu, maana nikifika mwisho huwa sina neno tena. Utakuja kuwa na watu chini yako, na utatakiwa uwatake kitu kimoja kilicho sawa kwa wote. Kitake, si dhambi. Dunia ina vipimo vyake na bila hivyo kazi haiendi. Lakini mtu akikwambia "najua", usifurahi haraka ukamwekea kazi mbele. Kaa chini, muulize amejulia wapi. Muulize kabla ya kupandisha sauti, wala usingoje mama wa chai aje akusukume. Mungu akupe mkono mwepesi na sikio zito kuchoka. Akujalie ulale pasipo mfuko mlangoni, na kila anayekaa karibu nawe ainuke akiwa mwepesi kuliko alivyokaa.

Alasiri ile, kabla waamuzi hawajafika, Wol alipomaliza farasi wa mwisho, aliwapanga wote mezani, wakitazama upande mmoja. Akawapitia mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta sura kwenye umati, asiione. Akapangusa unga wa mti magotini, akanawa. Akanywa chai akamwambia Mama Poni leo ameibania sukari, Mama Poni akamtukana kwa mzaha.

"Kesho tunapaka nta," nikamwambia.

"Kheri," akasema.

Akavuka mtaro, akashika barabara ya sokoni kwa hatua zake zile ndefu, hakugeuka, wala hakurudi tena.