Ubani wa Eda

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka Mombasa na kijikaratasi cha kung'aa. Akakifungua mbele yangu, akatoa kipande cheupe cha ubani wa dukani, akakitia kinywani na kuanza kutafuna huku akinitazama. Harufu ya nanaa ikanifikia pale nilipoketi. Nikacheka peke yangu, maana yeye alidhani ananionyesha kitu kipya. Sikumwambia kwamba mimi nilikuwa stadi wa kazi hiyo kabla mama yake hajazaliwa, na kwamba palikuwa na wakati mji mzima wa Lamu ulitafuna kile nilichokubali mimi. Nyinyi nitawaambia, kwa kuwa mna subira ya kusikiliza.

Nilikuwa mtoto wa kike ambaye meno ya mbele yamekwisha kuota upya. Kwetu ni Siyu, lakini mwaka ule baba alinipeleka Lamu, mtaa wa Langoni, nikakae na dada yake, Shangazi Mwanaisha, aliyefiwa na mumewe. Ndiyo ada yetu: mjane akikaa eda hakai peke yake, hupewa mtoto wa kumliwaza na kumtumatuma, maana yeye mwenyewe hatoki. Hatoki, havai vya kupendeza, hatii wanja wala hina, na manukato hayagusi mpaka eda iishe. Baba aliponiacha alimwambia dadake waziwazi kwamba eda ikitoka atakuja kuifunga nyumba ile na kumrudisha Siyu, akae chini ya mkono wake. Hakuwa na mtoto, hakuwa na kazi, nani angemtazama?

Shangazi aliinamisha kichwa kwa adabu. Baba alipokwisha kuteremka ngazi, alikiinua.

Ile nyumba aliipenda kupita kiasi. Alikuwa akipitisha kiganja juu ya chokaa ya ukuta kama mtu anayempapasa mtoto kichwani. Nikimtazama nikajua kwamba Siyu hataki kwenda, na mimi kwa utoto wangu nikaona ni lazima tufanye jambo.

Marehemu mumewe alikuwa akiuza ubani. Katika ghala alikuwa ameacha magunia ya ubani maka, ule mweupe unaotoka pwani ya Wasomali, ambao watu huufukiza na wanawake wetu huutafuna. Ukiutafuna mtupu huwa mchungu kwanza, halafu hulainika, halafu hauna habari yoyote. Shangazi akakaa akiyatazama magunia yale siku kadhaa. Halafu akaniuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, je, ubani huu ungekuwa na ladha ya iliki, ungependeza?

Shida mnaiona. Iliki na asali hazikuwa na neno, lakini yeye alitaka na waridi, na marashi ya waridi kwa mtu wa eda ni haramu kuyagusa. Akamtuma jirani kumuuliza mwalimu wa dini. Jibu likarudi kwamba biashara si dhambi, ila harufu isimkae mwilini, wala nguoni, wala mkononi. Mwingine angeacha pale. Shangazi alilipokea jibu lile kwa furaha, akaniita, akaniosha mikono mpaka kwenye viwiko, akaniketisha kwenye ua mbele ya jiko la makaa. Yeye akaenda kukaa upande wa pili, ukutani, akaikunja mikono yake mapajani.

Tukafanya kazi hivyo. Yeye alikuwa sauti, mimi nilikuwa mikono na ulimi. Nilichambua magamba ya mti, nikauroweka ubani katika maji ya moto mpaka ukawa laini, nikaukanda kwa asali na iliki iliyotwangwa, nikatia matone ya marashi. Kisha natafuna, naye ananiuliza swali lile lile.

"Wasikiani?"

Mwanzo nilijibu kitoto, kwamba ni tamu au si tamu. Hakuridhika. Alitaka kujua kipi kilitangulia na kipi kilikuja nyuma, kipi kilikaa kwenye ulimi na kipi kilipanda puani, na kikiisha kinaacha nini. Nikajifunza kufumba macho na kungoja. Nikisema karafuu inauma mno, tunaipunguza. Nikisema waridi linanikumbusha maiti, tunamwaga, tunaanza upya. Mara moja nilishikilia kwamba tutie tui la nazi, kwa kuwa mimi nilipenda nazi. Yeye alisita, akaniuliza kama nina hakika, nikasema ninayo, akakubali. Mafuta yale yaliugeuza ubani kuwa nta. Ulininata meno ya juu na ya chini nikashindwa kufungua kinywa, na shangazi, ambaye tangu kufiwa hakuwa amecheka, alicheka mpaka akajifunika uso kwa ukaya wake wa kichwani. Hakunilaumu hata kidogo.

Zikabaki ladha tatu: iliki, waridi na karafuu. Tulizifunga katika vijikaratasi, na kwa kuwa wanunuzi wetu wengi hawakujua kusoma, shangazi alitumia hariri zake za kushonea kofia. Uzi wa kijani ulikuwa iliki, mwekundu waridi, mweusi karafuu. Hata aliyekuwa haoni vizuri hakukosea.

Lakini nani ataujua ubani wa mjane asiyetoka? Wahenga wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Shangazi aliipenda methali hiyo, ila alisema hata kizuri hutaka mtu wa kukitafuna mbele za watu. Mtu huyo nilikuwa mimi. Zile nyumba za mawe zimeunganishwa huko juu kwa wikio, vyumba vinavyopita juu ya ndia, njia zetu za mtaani, na wanawake hutembeleana kwa huko bila kukanyaga barabara. Nilikuwa napita wikio hadi wikio, nimetumwa sindano, nimetumwa kaa la moto, huku natafuna taratibu, kinywa kimefungwa, kwa heshima. Nilikatazwa kuutaja ubani mpaka niulizwe. Na nikiulizwa, nisimpe mtu. Niseme tu kwamba uko kwa shangazi, na kwamba leo upo ule wa uzi mwekundu.

Nawaambia, sijaona hila ya biashara iliyoizidi ile kwa uzuri. Wanawake walianza kunivizia.

Ndipo likaja la kuja. Ijumaa moja tulifanya waridi jingi mno. Harufu ikapanda kutoka kwenye ua, ikapita wikio, ikateremkia barabarani, na wanaume waliokuwa wakienda msikitini wakaivuta puani. Ilipofika alasiri, mji ulikuwa na neno moja: mjane wa Langoni anajifukiza, eda yake haijatoka, basi ameshapata mume wa kumngoja. Siyo mji uliojaa watu wabaya, lakini harufu ya waridi kutoka nyumba ya eda ni jambo ambalo kila mtu kwetu anajua maana yake, na wote walikosea maana ileile. Neno likapanda chombo mpaka Siyu. Baba akaleta salamu kwamba hangoji tena, anakuja kumchukua dadake kabla hajamwaibisha.

Mimi nililia. Shangazi hakulia wala hakwenda kujitetea kwa mtu. Alinituma kwa Bi Nuru, jirani wa wikio, mwanamke mwenye heshima kubwa na ulimi mkubwa zaidi, ambaye neno lile lilikuwa limepata miguu kwake. Nilimwambia kwamba shangazi anamkaribisha, yeye na wenzake, waje waitazame eda inavyofanya kazi.

Wakaja, wakakaa mkekani, nyuso kavu. Shangazi alikuwa mahali pake ukutani, nguo nyeupe tupu, mikono mapajani. Nikawasha makaa. Nikafanya kila kitu mbele yao, sauti yake ikiniongoza kutoka mbali. Nilipotafuna akaniuliza swali lake, nikafumba macho, nikajibu kwamba waridi limetangulia, iliki inakuja nyuma, ila utamu haujatosha. Akasema niongeze asali.

Bi Nuru aliinuka. Alivuka ua, akainama, akanusa viganja vya shangazi kimoja kimoja, akamnusa begani na kwenye ukaya. Hapakuwa na chochote ila maji ya kisima.

"Na wewe mwenyewe Mwanaisha, huyui ladha yake?"

"Siyui, Bi Nuru. Nayua aniambialo mtoto."

Bi Nuru akarudi kukaa, akanyoosha mkono kwangu, nikampa kipande. Hakusema neno mpaka alipokaribia kuondoka, na hilo pekee wenzake walilihesabu kuwa muujiza. Ulimi uliotembeza uongo ndio uliokwenda kutembeza kweli, tena kwa bidii zaidi, kwa kuwa ulikuwa na ladha ndani yake. Kabla ya kesho yake kuisha ubani wetu ulikuwa umepata jina, Ubani wa Eda. Si sisi tulioupa jina hilo. Mji ndio ulioupa, na mji hausahau ulichokipa jina wenyewe.

Baba alifika katikati ya hayo. Alipanda hatua za mlangoni akiwa amekunja uso, akabisha hodi, akaambiwa angoje: ndani mna wanawake wa watu. Mwanamume mwenye haya hapiti. Akakaa kwenye daka, kwenye baraza ile ya mawe kando ya mlango. Wale wakitoka, wengine wanaingia, na kila mara aliposimama aliambiwa akae tena. Wengine walipita wikio, akawasikia tu juu ya kichwa chake. Walioingia kwa mlango aliwaona wakitoka na vifurushi vya nyuzi za rangi. Adhuhuri alisali akarudi, alasiri vilevile. Nilimpelekea kahawa, nikaona uso wake umeanza kukunjuka bila yeye kutaka.

Aliingia jua linakuchwa. Shangazi alimwamkia kwa adabu, akangoja hukumu yake. Baba aliitazama nyumba, akanitazama mimi, akamtazama dadake.

"Nimekuya kuufunga mlango," alisema, "na kutwa nzima sikupata ndia ya kuupita. Kaa kwako, Mwanaisha."

Asubuhi akaondoka. Mimi hakuniuliza kama nataka kurudi, akaniacha.

Eda ilipotoka shangazi alioga, akavaa nguo ya rangi, akatia wanja, akaniomba kipande cha uzi mwekundu. Akatafuna muda mrefu amefumba macho, nilivyokuwa nikifanya mimi. Halafu akasema kwamba sivyo alivyokuwa akidhani. Yeye angetia iliki zaidi, na asali kidogo tu. Hii ilikuwa tamu ya kitoto. Niliruka kwenda kuwasha makaa tuurekebishe. Akanishika mkono.

"Wacha, mwanangu. Mui umependa kanwa lako."

Nilijivuna miaka mingi kwa maneno hayo, kwamba mji umependa kinywa changu. Nikadhani nimesifiwa ulimi, na kwa hakika hapakuwa na shughuli ya harusi niliyoalikwa ambako sikutoa hukumu juu ya wali na halua. Nimekuwa mtu mzima, nimekuwa na nyumba yangu na hofu ya kuipoteza, ndipo nikaelewa. Kuonja angeweza kuonjewa na mwanamke yeyote mwenye akili yake kamili; mtaa ulikuwa umejaa. Ile nyumba ilikuwa ndicho kitu pekee alichokuwa nacho duniani, naye aliiweka juu ya neno la mtoto wa kike, enzi ambayo mtoto wa kike hakuulizwa hata kama ameshiba. Nilikosea kwa nazi, na kesho yake akaniuliza tena, na akafuata nilichomjibu.

Wengi walinipenda baadaye, namshukuru Mungu. Aliyeniamini kabla sijawa mtu ni yeye peke yake.