Kinu kilicholala ukutani kwangu

Wakuu wa baraza hili la wasomaji, wakubwa shikamooni, wenzangu salama. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Ruangwa, siongezi chumvi.

Jumatatu nilitoka nje na mtoto mgongoni, nikamkuta tarishi wa Jumbe anapaka udongo kwenye ukuta wa nyumba yangu.

Ameshafunika picha yangu ya kinu, anaanza ya mbeleko.

Nilimnyang'anya ndoo nikaimwaga miguuni pake. Uvumilivu wangu uliishia hapo.

Nirudi nyuma kidogo.

Mume wangu yuko Nachingwea kwenye mashamba ya karanga, anaendesha trekta la kung'oa msitu. Anasema zamani lilikuwa kifaru cha vita, wazungu wametoa mzinga tu.

Alipokuja likizo alileta gazeti. Mle wameandika habari za bomu la atomiki: moja lilimaliza mji, na wataalamu wanaogopa yakiwa mengi yatamaliza binadamu wote.

Wote, wakuu. Pamoja na mkulima wa Mbekenyera asiyejua vita ilikuwa ya nani.

Nilisoma huku Somoe, mwanangu, ananyonya na kuning'ata kwa jino lake la kwanza. Nilikasirika, na wa kumgombeza simwoni.

Basi nikachukua udongo mweupe, udongo mwekundu na mkaa, vile vile tunavyopambia nyumba zetu. Wenzangu huchora maua na ndege. Mimi nikachora kijiji kisicho na mtu. Jembe limebaki shambani. Mbeleko imetundikwa, mtoto hayumo. Kinu kimelala ubavu.

Kinu ndicho kilicholeta mambo. Kwetu kinu hulazwa penye msiba, maana hakuna anayetwanga. Waliokuwa wanakwenda sokoni wakaona, wakaja kunihani, na unga na kuni wamebeba. Mmoja alilia kabisa kabla hajauliza jina la marehemu.

Mama mkwe akafika anahema. "Mwanangu, nani katutoka?"

"Bado, mama. Ni sisi sote."

Nikamweleza habari ya bomu. Akaitazama ile mbeleko, nami nikajua sasa naitwa mwehu. Akakaza kanga kiunoni, akatandika mkeka.

"Basi tukae leo. Siku hiyo wa kutuhani atatoka wapi?"

Wakakaa wote. Wanaume nao wakaja upande wao.

Jumbe hakupenda. Alikuwa na mgeni wa serikali anakuja, akasema hawezi kumpokea penye matanga yasiyo na maiti, tena eti naita kifo. Bomu halimtishi, ukuta unamtisha! Nilikwenda kumwomba kwa adabu zote aiache picha yangu, nikarudi tena. Akajibu kwa ndoo.

Nilichojifunza: nimesoma hadi sekondari, lakini gazeti nililowasomea watu halikumkalisha mtu mkekani. Kinu kiliwakalisha. Anayeona nimekosea aseme hapa hapa, nitamjibu.

Jana nimefika kwa Liwali kushitaki. Karani akaniambia ukuta haujaharibiwa, umeongezewa udongo. Nikamwambia, andika ninavyosema:

"Mimi, mama yake Somoe, namshitaki Jumbe kwa kuvunja matanga yetu. Sidai fidia. Nadai aje mwenyewe, mchana, aubandue udongo wake kwa mkono mpaka mbeleko ionekane. Kisha akae mkekani, atupe pole."