Kondoo Wawili wa Jumapili

Ujumbe wa mwalimu uliingia kwenye grupu la wazazi tukitoka kanisani: kesho kila mtoto wa gredi ya pili alete mnyama wa pompomu, vile vifundo vya uzi vyenye manyoya, aliyemtengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Kesho! Mke wangu yuko zamu hospitalini mpaka jioni. Kwa hivyo ni mimi, seremala wa Ngong Road, niliyekwenda Kenyatta Market na suti ya kanisa kutafuta uzi wa kufuma. Nilipata bonge moja tu, jeupe, la mwisho dukani. Nikasema basi, tutatengeneza kondoo.

Nyumbani Woodley tukakaa mezani, mimi na binti yangu wa miaka saba. Kazi yenyewe si ngumu. Unakata viduara viwili vya boksi vyenye tundu katikati, unavishikanisha, unavizungushia uzi mpaka tundu lijae. Kisha unakata ukingoni, unafunga uzi katikati ya viduara, unavichomoa, na manyoya yanafumka. Ila usipofunga kwa nguvu, yote yanamwagika.

Ya kwake yalimwagika. Mara mbili. Uzi chini ya kochi, uzi kwenye chai yangu, uzi mdomoni mwake, kwa sababu alikuwa anakaza fundo kwa meno. Ya tatu ilishika, lakini ilikuwa na kipara upande mmoja.

"Huyu ni kondoo amelalia ubavu," akasema. Alifurahi kweli, akamkalisha juu ya Biblia yangu.

Ai! Mimi ni mtu wa pima maji na msasa. Nikiona kitu kimepinda mikono inaniwasha. Nikamwambia, "Lete nikuonyeshe." Nikachukua mkasi, nikachukua uzi wote uliobaki. Ulipopungua, nikamfungua na yule kondoo wake, nyuzi zake zikawa masikio na mkia wa wangu.

"Huyo alikuwa wangu," akasema.

"Hata huyu ni wako. Tulia."

Haki, kondoo wangu alitoka safi. Nilimpunguza manyoya mpaka akawa mviringo, nikampa miguu ya vijiti vya kiberiti, yote minne nimeipiga msasa. Nilikuwa nampiga picha nilipogundua kwamba mtoto hayupo mezani.

Mwenye watoto anajua: kelele si kitu, ogopa kimya. Nikamwita. Akatoka bafuni na mkasi wa kucha mkono mmoja, na pompomu nyeusi mkono wa pili. Upande wa kushoto wa kichwa chake hapakuwa na msuko hata mmoja.

Jana yake tu mamake alikuwa amekaa naye masaa matatu pale pale Kenyatta Market, mtoto akisukwa kwa uzi mweusi, analia, anabembelezwa kwa smoki, zile soseji za barabarani. Masaa matatu, jameni! Na sasa amekata upande mzima, uzi na nywele zake pamoja, akafunga kondoo.

"Wewe! Umefanya nini? Mamako akuje akuone hivi, mimi nitamwambia nini?" Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

"Uzi uliisha, baba. Ulichukua wote."

Mke wangu akaingia, hata mkoba hajaweka chini. Akaangalia kile kichwa, akaangalia kondoo mweupe, halafu akaniangalia mimi.

"Kwani wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa."

"Ukifanya nini?"

Akaenda kutafuta mashine ya kunyolea, akamnyoa mtoto nywele zote zilizobaki.

Usidhani nilikuwa nimejifunza. Asubuhi, mtoto akivaa, nikamtia kondoo wangu kwenye begi la shule, juu ya vitabu, mahali mwalimu atakapomwona kwanza. Binti yangu akafungua zipu, akamtoa taratibu asimvunje miguu, akaniwekea mkononi. Wake mweusi alikuwa amemkumbatia tayari, kifundo kimelegea, manyoya yanadondoka kwenye sweta.

"Kondoo wako ni mzuri, baba," akaniambia kwa upole, vile mtu humwambia mtoto. "Mpeleke kazini ukawaonyeshe wenzako."