Kiingereza Chetu cha Pamoja

Enzi zetu Kiingereza hakikuwa cha mtu mmoja. Sisi watoto wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli pale Nakuru, tulikisema darasa zima, kama watu wanaovuta gogo. Mwalimu akiuliza tumekula nini asubuhi, tulijibu kwa sauti moja kwamba tumekula mkate, siagi na yai, na huku tumboni mna uji wa wimbi na kiazi kilicholala. Nje upepo ulileta vumbi la magadi kutoka ziwani, injini zinapiga kelele, nasi tunazidi kupaza. Kujibu peke yako ilikuwa kutafuta kiboko. Kosa la wengi halikuwa na mwenyewe.

Roselida, jirani yetu, ndiye aliyekuwa mkubwa darasani. Siku hizo msichana aliyekwisha kuvunja ungo kukaa darasa la nne haikuwa ajabu. Hospitali ilitaka wasichana wa kufundishwa uuguzi, mradi wajue Kiingereza. Mamake alimwambia wazi: "Ukikosa, Desemba tunakwenda nyumbani Maragoli. Ng'ombe wa watu wamengoja vya kutosha." Na Roselida hakutaka kuolewa na mwenye ng'ombe.

Siku ya usaili tulimsindikiza hospitali kundi zima, tukasimama chini ya dirisha la ofisi. Sista mzungu akamuuliza kwa Kiingereza amekula nini asubuhi. Nasi, kwa mazoea tu, tukaitikia kutoka nje: mkate, siagi na yai. Sista akaja, akatutazama mmoja mmoja, akafunga dirisha.

Kupitia kioo nikaona midomo ya Roselida ikianza kusogea. Alisema, akakwama, akasema tena, mikono ikimsaidia, mpaka sista akacheka. Hatukusikia hata neno. Alipotoka alikuwa amechukuliwa kusomea uuguzi. Tukamzingira kumuuliza alisema nini.

"Kwani mlitaka anichukue mimi ama sisi sote?" akasema. "Nimemwambia nilikunywa uji. Akataka kujua unapikwaje, nikamweleza."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, na sijapambanukiwa bado. Uji kwa Kiingereza hatukuwa tumefundishwa. Wala kusaga wimbi, wala kuni mbichi zinazotoa machozi. Tulikaa dawati moja, tukaimba yale yale. Maneno hayo aliyatoa wapi? Mimi niliacha shule mapema, nikazurura Naivasha, Molo, hadi Eldoret, nikiuliza kila mtu kila kitu, na hilo sijapata wa kunijibu.

Watoto wa siku hizi wanazaliwa na Kiingereza mdomoni. Hawaogopi kiboko, hawangoji wenzao. Ukimuuliza mmoja amekula nini, anakujibu "chakula" kwa Kiingereza safi, bila kuinua macho. Nafurahi, kisha nahuzunika, na sijui ni kwa nini. Labda ni kwamba zamani, mmoja wetu alipopata maneno yake mwenyewe, tulirudi landhi tukimfuata, tukimwomba ayaseme tena, naye akitembea mbele kidogo, akikataa.