Mama Alikuwa wa Pili

Katika Zaïre ya wakati ule tulichagua kwa makofi. Shefu wa mtaa wetu wa Nyalukemba alisimama, jina lake likatajwa, tukapiga makofi, akaketi akiwa amechaguliwa. Baba yangu, mwalimu wa hesabu, aliona haya kwa niaba ya hesabu.

Akaandika pendekezo la kurasa nne. Kila mtu ayapange majina: moja, mbili, tatu. Asipopatikana aliyepita nusu, wa mwisho anaondolewa, na karatasi zake zinahamia kwa aliyeandikwa wa pili. Shefu, ajabu, alikubali. Kwa kuwa washindani walihitajika, alijitafutia wawili yeye mwenyewe: muuza bia mmoja, na mama yangu, mkunga wa zahanati, ambaye hakuulizwa.

Tulipiga kura shuleni, Jumapili baada ya misa. Wasiojua kuandika walimnong'oneza baba majina, na shefu aliketi kando yake akisikiliza kama raia mwema. Mimi, binti wa miaka kumi na tano, nilisoma karatasi kwa sauti. Namba moja: shefu. Namba moja: shefu. Zote, hata moja haikukosa. Kazi ingeishia hapo, lakini baba alikuwa na hamu ya kuonyesha uzuri wa mtindo wake.

"Soma na namba mbili," akaniambia. "Batu baone vile inatumika."

Nikasoma. Mama. Mama. Mama. Isipokuwa karatasi ya mama mwenyewe, niliyoitambua kwa mwandiko; yeye alimwandika muuza bia. Wanawake aliowazalisha walianza kucheka kwa furaha, kisha wakageuka mmoja mmoja kumtazama shefu. Namba moja iliandikwa na woga. Namba mbili watu waliandika wenyewe.

Shefu akaomba karatasi zote. "Citoyen mwalimu, hii mambo yako iko muzuri sana," akasema, akimwita 'raia' kwa Kifaransa kama ilivyoamriwa wakati ule. "Sasa najua moyo ya batu."

Wiki mbili baadaye ilifika barua ya uhamisho wa mama. Kwa kuwa mama alipendwa mno, haikufaa wagonjwa wa Luhwindja, mbali huko milimani, wanyimwe huduma yake. Siku ile nilimchukia baba, nasema wazi.

Mama alifunga mizigo bila kupaza sauti. Alipomaliza, akauliza swali moja tu.

"Papa ya batoto, ile karatasi yako, namba moja uliandika nani?"

Baba, aliyeueleza mtindo ule kwa mtaa mzima, chaki mkononi, akainama kukaza kamba za mizigo iliyokwisha kufungwa. Ni kweli siku ya kura shefu alikuwa ameketi kando yake.

Barua ya kwanza kutoka Luhwindja ilikuwa fupi. Mama alikuwa amezipanga salamu kwa namba, kwa mwandiko wake safi. Moja, mimi. Mbili, muuza bia, aliyembebea mizigo hadi kwenye lori. Tatu, baba.

Baba aliisoma amesimama mlangoni, kisha akayahesabu tena majina kwa kidole. Alijua kuliko sisi sote nani huondolewa kwanza.