Vicky Alisalimia Bakwe na Kiwiko

Wapendwa, siku bakwe balikimbia lupango yangu, kiwanja ya nyumba yangu hapa Bunia, baliacha kiatu moja na mbuzi.

Mama mwenye iko na batoto, soma mpaka mwisho.

Fabien alitaka kumuoa binti yangu Vicky. Familia yake ikatoka Mahagi-Port na mbuzi, samaki kavu, na bajomba ya sauti kubwa.

Mama yake, Mama Gertrude, akamunyooshea Vicky mukono.

Vicky akatoa kiwiko.

Kiwiko! Kama wakati ile ya Ebola.

Mimi, mutoto akikohoa tu, roho yangu inatangulia kwenye makaburi. Nikapiga kelele:

"Vicky! Weye iko na Ebola?"

Jamani. Hiyo neno haisemwe mbele ya bageni. Bote bakakimbia.

Muzee Médard, mujomba mwenye alishushwa kwa pikipiki kama yai, aliruka uzio bila kusaidiwa na mutu!

Mbuzi ikabaki inatuangalia.

"Mama, umeniharibia ndoa!" Vicky analia. "Sina hata homa! Ni vidole. Asubui vinakauka kama miti. Mutu akiniminya, naona nyota."

"Sasa mbona haukusema?"

"Nilisema! Ukanipa manguo nifue, eti vitalegea."

Hm. Nilisema hivyo, kweli.

Mara Mama Gertrude huyu anarudi, muguu moja wazi. Nikajua anafuata mali yake.

"Mukwe, mbuzi yako ile pale."

"Mbuzi gani? Lete mikono ya mutoto."

Akaangalia. Viungo vya vidole vimevimba, kuume na kushoto sawasawa.

"Dada yangu alianza hivi hivi. Tukangojea. Leo vidole vyake vimepinda, hata kijiko hashike. Simameni, twende hospitali."

Munganga akamupima, akatoa damu. Majibu yalipotoka, akatueleza: ndani ya kiungo kuna ngozi nyembamba. Kinga ya mwili, kazi yake ni kupiga vijidudu, lakini kwa Vicky imekosea, inapiga ile ngozi. Inavimba, inanenepa, halafu inaanza kula mfupa laini, kisha mfupa yenyewe. Haiambukize mutu.

"Kumbe sentinele, mulinzi wa mulango, anapiga mwenye nyumba!" Mama Gertrude akasema.

"Ndiyo, mama. Dawa haifute ugonjwa, lakini inamutuliza huyo sentinele. Ikianza mapema, vidole vinaweza kuokoka."

Kwenye mulango nikauliza kwa sauti ndogo: "Na ndoa, mukwe?"

Akacheka.

"Fabien anajua tangu zamani. Ameniambia tukiwa tunakimbia. Ni yeye anamufungulia Vicky chupa za Fanta. Hata kiwiko ni akili yake. Mwenye hakujua ni weye, mama mwenye kumuzaa."

Nilitafuta pa kuficha uso.

Bamama, mutoto akisema vidole vinakauka kila asubui na viungo vinavimba, usimuite muvivu. Usimupe beseni ya manguo. Mupeleke kwa munganga, mifupa haitakungojea.

Harusi iko mwezi wa nane. Bakwe bote sasa banatusalimia na kiwiko.

Isipokuwa Muzee Médard. Yeye angali anasalimia kutoka ngambo ya barabara.