Maji kwenye dizeli ya injini ya boti, na jinsi nilivyomshuku shemeji

Wakuu, salamu kutoka Kamukuywa, hapa kati ya Kitale na Bungoma. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Chumvi nitatia, sikatai, lakini nyama ni ya kweli.

Niko na posho mill, mashine ya kusaga mahindi, hapa sokoni. Stima haijafika upande wetu, kwa hivyo natumia injini ya dizeli.

Sasa hiyo injini si ya kusaga. Ni ya boti! Niliinunua Kitale kwa jamaa wa vyuma kuukuu, akaapa ilikuwa inasukuma boti ya samaki ziwani. Mlio wake unafika Uganda bila pasipoti.

Mwaka wa kwanza ilisaga kama wazimu. Kisha mvua za mwezi wa nne zikaanza, na injini nayo ikaanza vituko. Inakohoa, inatoa moshi mweupe, inazima katikati ya debe la mtu.

Mama Nasimiyu, mteja mwenye ulimi mkali kuliko mawe ya kusagia, akapaza sauti kwenye foleni: "Profesa! Hii kitu imekumbuka ziwa. Si uipeleke ikaogelee, bana!"

Wananiita Profesa kwa sababu nilimaliza fomu foo kwa masomo ya jioni, nikiwa tayari na watoto wawili. Cheo nimekibeba vizuri tu.

Fundi mmoja wa Kitale akaniambia nitoe dizeli chini kabisa ya tenki, niiweke kwenye chupa nyeupe ya soda, niiache itulie nusu saa. Maji ni mazito, yatakaa chini.

Nikafanya hivyo. Wakuu, vidole viwili vya maji! Safi kama ya kisima, na dizeli imekaa juu yake kama bibi arusi.

Nikajua kuna mtu ananitilia maji.

Nani sasa? Dizeli yangu ilikuwa inaletwa na Wekesa, mdogo wa mke wangu. Alikuwa boda boda wa baiskeli, anabeba mitungi miwili ya lita ishirini kutoka Kimilili. Abiria walikuwa wameanza kupenda pikipiki, kwa hivyo mitungi yangu ndiyo ilikuwa inalisha nyumba yake.

Nikaanza kumchunguza. Siku moja suruali imelowa hadi magotini. Siku nyingine amechelewa. Na mto uko hapo hapo njiani!

"Umepitia wapi leo?"

"Barabarani, shemeji. Kwani kuna ingine?"

Nikaona hilo ni jibu la mtu aliyejiandaa. Akicheka, nasema anaficha kitu. Asipocheka, nasema dhamiri inamsuta.

Mke wangu akanionya. "Huyo ni ndugu yangu. Ukimwita mwizi, uwe na hakika." Nikamwambia hakika iko ndani ya chupa.

Siku ya soko nikamngoja mbele ya foleni nzima. Alipofika nikainua chupa juu kama padri.

"Wekesa, haya maji yametoka wapi?"

Akaiangalia. "Hiyo umetoa wapi?"

"Kwa tenki."

"Basi pima mtungi wangu. Huu hapa, hata sijashusha."

"Ya leo umeleta safi kwa sababu umejua nakungoja."

Mnaona hiyo akili? Nilijiona wakili wa mahakama kuu.

Akashusha mitungi yote miwili polepole. "Shemeji, nimekula kwako. Ungeniuliza nyumbani." Akapanda baiskeli akaenda.



Nikaosha tenki, nikalikausha, nikaanza kwenda Kimilili mwenyewe kwa baiskeli. Ile milima, wakuu, nilitoa jasho la kujaza tenki la pili. Lakini nilisimamia pampu kwa macho yangu, nikafunga mitungi kwa mpira, na mtoni sikusimama hata kukojoa.

Siku tatu za mvua, injini ikakohoa.

Nikapima. Vidole viwili.

Nilikuwa nimebaki na mshukiwa mmoja tu, na huyo ndiye ninayemnyoa ndevu kila Jumapili.

Nikapima mtungi, kile kitu nilichokataa kufanya mbele ya watu. Safi kabisa. Basi maji yanaingilia kwa tenki. Mvua ya alasiri ilikuwa imeanza, nikasimama hapo nikaangalia.

Tenki lilikuwa nje, chini ya ukingo wa mabati, kwa sababu ndani lilikuwa linapata joto. Kifuniko chake kilipotea wakati wa kiangazi, na mimi kwa mikono yangu nikaliziba kwa gunzi la mahindi, vile sisi huku tunaziba kila kitu chenye mdomo.

Tone linatoka kwa bati, linapiga gunzi. Lingine. Lingine. Na gunzi linakunywa tu, halikatai raundi.

Nikalichomoa, nikalikamua. Lilitoa maji kama kitambaa cha kupangusa meza.

Siku hiyo hiyo nikaenda kwa Wekesa na jogoo kwapani. Nikamweleza yote. Habari ya gunzi ilimchekesha mpaka akashika ukuta. Jogoo akapokea. Wiki iliyofuata akarudi kazini.

Lakini hadi leo akifika hashushi mitungi. Anatoa chupa kwenye koti, anaijaza dizeli ya mtungini, anaiweka dirishani, halafu anakaa nusu saa nzima mbele ya foleni.

Nimemwambia mara elfu aache.

"Hapana, shemeji. Angalia."

Naangalia. Ni safi. Kila mara ni safi.

Nilichojifunza: kabla ya kumpima mtu, pima kila mahali dizeli imepita, na uanze na pale ulipofunga wewe mwenyewe. Kifuniko cha chuma nilikipata Kitale, na injini haijakohoa tena.

Wenye injini humu ndani, ninyi mmefunika tenki na nini? Na kama kuna mtu aliwahi kusamehewa nusu na shemeji, aniambie ile nusu nyingine inapatikana wapi.